Wanafunzi wangu wa Kichina hawashiki majina ya nchi kwa Kiingereza, nakosea wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja Mtanzania anayesoma masta ya ualimu Changsha, China:

"Shikamoo mwalimu. Chuo kimenipa kipindi kila Ijumaa kwenye shule moja ya sekondari, watoto wa miaka 12 na 13, wako 48. Kazi ni kuwafundisha nchi za dunia kwa Kiingereza. Wiki ya kwanza niliwapa nchi 40 na bendera zake, tukaimba, wakafurahi kweli. Wiki ya pili hakuna anayekumbuka kitu. Nikisema Greece wananitolea macho, ila nikiigusa kwenye ramani darasa zima linapiga kelele jina lake kwa Kichina. Wanaandika 'I am from Chinese', 'he is a France'. Na mimi wakiniuliza natoka wapi wanajijibu wenyewe, Africa. Nakosea wapi?"

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Mimi nimefundisha hukohuko mkoani Hunan miaka sita, kwa hiyo hiyo Ijumaa yako naiona kabisa, watoto wanaimba kwa nguvu zote, unatoka darasani umefurahi, halafu wiki inayofuata kimya. Usijilaumu. Ila hebu soma tena ulichoandika, umeniambia wakiona Ugiriki kwenye ramani darasa zima linapiga kelele. Hapo ndo jibu lilipo. Hao watoto hawana shida ya jiografia hata kidogo, jiografia ya sekondari kwao inaanza na dunia, mabara na bahari na nchi kubwakubwa, China yenyewe inafuata baadaye. Pengine kwenye ramani tupu wanatushinda mimi na wewe. Wanachokosa ni jina la Kiingereza, na hawalikosi kwa uvivu, wanalikosa kwa sababu kichwani tayari wanalo jina lingine limekaa pale tangu utotoni na hilo ndo linatoka kwanza.

Na wewe unalijua hili kuliko mwalimu aliyezaliwa na Kiingereza, kumbuka tu ulivyokuwa shule ya msingi. Kenya kwa Kiingereza ni Kenya, hukuhangaika nayo. Ukaja kukutana na Portugal wakati wewe una Ureno, hakuna hata silabi moja ya kushikia. Misri na Egypt vilevile. Halafu kuna Afrika Kusini, ambayo sauti haifanani na South Africa ila ukijua maana ya maneno mawili unaijenga mwenyewe. Basi Kichina nacho kina makundi hayohayo matatu, nchi za aina ya "Kenya", nchi za aina ya "Ureno" na nchi za aina ya "Afrika Kusini". Listi yako ya nchi 40 imezichanganya zote ukazipa muda sawa, na hapo ndo ulipokosea. Nchi za Kenya zinahitaji dakika chache za matamshi, za Afrika Kusini zinahitaji uwafunulie siri mara moja, na za Ureno ndo zinahitaji jasho lako lote.

Aina ya Kenya ndo nyingi. Kenniya, Wuganda, Luwangda, Guba, Jianada, Yidali, Bajisitan, hata ungekuwa hujui Kichina unasikia Kenya, Uganda, Rwanda, Cuba, Canada, Italia, Pakistan. Usiwape tafsiri hizi. Wewe sema jina kwa Kiingereza taratibu mara mbili, wao waandike walichosikia kwa pinyin, yani Kichina kwa herufi za Kilatini, halafu wabashiri ni nchi gani. Mimi nilikuwa nafanya hivyo dakika kumi za mwanzo, na ndani ya vipindi vitatu wanaanza kuona mtindo wenyewe, kwamba "-land" mara nyingi kwao ni "lan", Fenlan ni Finland, Bolan ni Poland, Ai'erlan ni Ireland, na "-stan" ni "sitan". Mtoto akishaona huo mtindo anaweza kukisia nchi ambayo hujamfundisha, na hiyo raha ya kukisia akapatia inamfanya asisahau.

Aina ya Afrika Kusini nazipenda mno. Nanfei ni hivyohivyo, nan ni kusini, fei ni kipande cha neno Afrika. Bingdao, bing barafu, dao kisiwa, ni Iceland. Heishan, mlima mweusi, ni Montenegro. New Zealand wameikata nusu, Xinxilan, xin ni mpya na xilan ni sauti tu. Belarus wanaiita Baieluosi, Urusi nyeupe. Hapa unaandika ubaoni "ice" na "land" mbalimbali, unawauliza maana ya kila moja, unakaa kimya, na unasubiri. Darasa langu moja lilikaa kama sekunde ishirini hivi halafu binti mmoja wa nyuma ambaye hakuwahi kusema neno akasema "Bingdao!" kwa sauti mpaka akajishtua mwenyewe, akawa wa kwanza kunyoosha mkono mpaka mwisho wa muhula.

Sasa za Ureno. Hizi ndo zinazowafanya wakutolee macho na hapa nitakaa kidogo.

Greece kwao ni Xila, kwa sababu Kichina kililifuata jina ambalo Wagiriki wanajiita wenyewe, Hellas, na Kiingereza kikafuata Kilatini. Waambie hivyohivyo, na ukipenda waambie Kiswahili nacho kina majina mawili, Ugiriki ya kila siku na Uyunani ya kwenye Biblia. Germany kwao ni Deguo, hiyo "De" imetoka kwenye Deutsch, jina la Wajerumani wenyewe. Russia ni Eluosi, na hiyo "e" ya mwanzo inatokana na Kimongolia, neno lilipita kwao kwanza na Wamongolia hawakuwa na mazoea ya kuanza neno kwa "r", ndo maana wakatanguliza irabu. Japan ni Riben, herufi mbili zinazomaanisha asili ya jua. Baadhi ya majirani zao wako kundi hili kwa sababu walijuana zamani sana kabla ya Kiingereza kufika huko, Korea Kusini ni Hanguo, Korea Kaskazini ni Chaoxian, Vietnam ni Yuenan, Myanmar ni Miandian, Cambodia ni Jianpuzhai. Ukiangalia vizuri utaona kitu, baadhi ya nchi za jirani ambazo ungedhani ni rahisi ndo ngumu, na nchi za mbali kama Rwanda ndo rahisi. Walimu wengi wanaanza na majirani "kwa sababu wanazijua", wanakwama wiki ya kwanza.

Kwa hizi njia ni stori moja fupi kwa kila jina, siyo kurudiarudia. Ukimwambia mtoto kwamba jina lake la Ugiriki ndo liko karibu na la Wagiriki wenyewe kuliko la Kiingereza anasimama vizuri kabisa, maana amezoea kuambiwa Kiingereza ndo sahihi na yeye ndo anakosea. Kwa kipindi kimoja nne zinatosha. Tengeneza kadi, upande mmoja Xila, upande mwingine Greece, hakuna bendera. Bendera ziweke pembeni kwanza, mtoto anatumia nguvu zote kukumbuka rangi na jina linampita.

Kuna kundi dogo la katikati pia, zile za "guo", maana yake nchi. Meiguo ni Marekani, Yingguo Uingereza, Faguo Ufaransa, Taiguo Thailand. Wamechukua silabi moja tu ya jina wakaweka "guo" mwisho. Watoto watakwambia Meiguo ni "nchi nzuri", Yingguo "nchi shujaa", Faguo "nchi ya sheria", na ni kweli hizo herufi zina maana hizo, lakini zimewekwa kwa ajili ya sauti. "Mei" ni silabi ya pili ya Yameilijia, yani America. Wape lile jina refu waliseme lote, wataisikia America ndani yake wenyewe. Na Portugal ukiwauliza herufi zake watacheka, Putaoya, putao ni zabibu na ya ni jino. Waache wacheke, hawataisahau.

Usije ukadhani za aina ya Kenya hazina mtego. Mtego wake ni matamshi, kwa sababu zinafanana mno anayesema anadhani amemaliza. Kichina kila silabi ina toni yake na uzito wake, kwa hiyo mtoto anasema Ca-na-da zote sawasawa kama anahesabu hatua, na sikio la Kiingereza linataka silabi moja ipande zingine zilale. Baya zaidi mkazo unahama, CAnada lakini caNAdian, Italy unakandamiza mwanzo, Italian unakandamiza "ta", China mwanzo, Chinese mwisho. Mimi nilikuwa nawapigisha makofi, kofi moja tu kwenye silabi nzito, zingine kimya. Sisi Waswahili tunapaswa kuwa makini hapa maana kwetu mkazo unakaa silabi ya pili toka mwisho karibu siku zote na tunaubeba kwenye Kiingereza bila kujua, kwa hiyo jisikilize kwanza wewe.

Na kwa kuwa uko Changsha kuna jambo la hapo hapo. Lahaja ya hapo inachanganya "n" na "l", na "hu" inageuka "fu", mpaka Wachina wa mikoa mingine wanawatania watu wa Hunan kwamba wanaita mkoa wao Fulan. (Mimi mara ya kwanza kusikia nilidhani wanasema fulani.) Kwa hiyo utasikia Lepal badala ya Nepal, Lorway badala ya Norway. Usiwachekee, bibi zao wanaongea hivyo nyumbani na ni lugha yao. Waambie washike pua, "n" ikitoka pua inatetemeka, "l" haitetemeki, basi. Na "v" nayo Kichina sanifu hakina, Vietnam inakuwa Wietnam, meno ya juu kwenye mdomo wa chini, dakika mbili, songa mbele.

Kuna jozi ambazo zinawapoteza pande zote mbili. Sweden ni Ruidian na Switzerland ni Ruishi, Austria ni Aodili na Australia ni Aodaliya, kwa Kichina zinaanza sawa na kwa Kiingereza zinaanza sawa. Hizi usizifundishe siku moja kamwe. Fundisha Australia leo, Austria mwezi ujao. Kitabu cha kiada kikiziweka pamoja wewe zitenganishe.

Sasa hiyo "I am from Chinese". Kichina hapa kimenyooka kama reli, Faguo nchi, Faguoren mtu, Fayu lugha, unabadilisha mkia tu na mara nyingi haikosei. Sisi tunafanya hivyohivyo ila mbele, Ufaransa, Mfaransa, Kifaransa. Kwa hiyo mtoto wa Kichina na mtoto wa Kiswahili wote wanafika kwenye Kiingereza wanategemea utaratibu na wanakutana na France, French, Frenchman, halafu the Netherlands ambayo watu wake na lugha yao ni Dutch, halafu Switzerland, Swiss, na lugha ya Kiswisi haipo kabisa. Usiwaletee jina la nchi peke yake tena. Kila nchi iingie na vitu vyake vitatu ndani ya sentensi moja, She is from France, she is French, she speaks French, hata kadi ziwe na mistari mitatu. Na ukigawa zigawe kwa mikia, siku ya "-ese" iwe ya Chinese, Japanese, Vietnamese, Portuguese zote pamoja, siku ya "-ish" ije peke yake, na wale wakorofi French, Dutch, Greek, Thai, Swiss wape siku yao.

Wingi wa watu wanaujua tayari na pengine hujui kwamba wanaujua. Kuna kishairi cha walimu wao kimezagaa China nzima, Zhong Ri bu bian, Ying Fa bian, qiyu s jia houmian, yani China na Japan hazibadiliki, England na France zinabadilika, zilizobaki ongeza "s" nyuma. One Chinese, two Chinese. One Frenchman, two Frenchmen. One American, two Americans. Muombe mtoto mmoja akiseme, darasa zima litadakia, halafu wewe waandikie German ubaoni uwaulize wingi wake. Wengi wataandika Germen kwa sababu wameona "man" mwishoni. Hapo kishairi chao wenyewe kinawarekebisha, German yuko kwa waliobaki, Germans. Hutumii nguvu yoyote.

Ramani, tafadhali nisikilize vizuri hapa. Tumia ile iliyobandikwa ukutani au ya kwenye kitabu chao. Kwanza kwa sababu ya macho, ramani zao zinaweka Pasifiki katikati, China iko karibu na kati, Amerika kulia, Afrika na Ulaya kushoto kabisa. Siyo jambo la jana, padri Mwitaliano Matteo Ricci na msomi Li Zhizao walipochapisha ramani yao kubwa ya dunia Beijing mwaka 1602 China iliwekwa karibu na kati vilevile. Ukileta ramani uliyoshusha intaneti yenye Ulaya katikati watoto wanapotea na wewe utadhani hawajui. Pili, ramani zinazotolewa China lazima zipitiwe na serikali na zinakuwa na namba ya kibali pembeni, wanaiita shentuhao. Mipaka na visiwa kwao ni jambo zito na listi yenye kichwa "nchi" ikiwa na Taiwan au Hong Kong ndani yake itakuletea maneno. Mimi mwaka wa kwanza nilibandika ramani yangu niliyoprinti, makamu mkuu wa shule akaja kabla ya kipindi akaibandua taratibu akaikunja akanipa mkononi, hakusema kitu, na mimi nilisimama pale sijui nifanye nini. Wewe ni mgeni na wenye kuulizwa baadaye ni walimu wenzako wa hapo, usiwaweke kwenye hali hiyo.

Na la mwisho ndo linaloniuma zaidi, hilo la kujibiwa Africa. Nilikaa nalo miaka sita. Wakikuuliza wanasema Feizhouren, Mwafrika, wanaona wamemaliza, na hawana nia mbaya. Usikasirike ila usiliache lipite hata siku moja. Silaha iko ndani ya lugha yao, "zhou" ni bara na "guo" ni nchi, Feizhou ina "zhou", iandike ubaoni uwaulize, mimi nikisema wewe unatoka Yazhou, Asia, nimekosea? Hapana. Nimemaliza? Hapo watanyamaza kwanza halafu wataelewa wenyewe. Kisha wape Tanzania, Tansangniya, silabi nne kwao, nne kwetu. Waambie wakawaulize babu zao kuhusu Tanzan tielu, ndo reli ya TAZARA, Tan ya Tanzania na Zan ya Zambia, km 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa China 1970 mpaka 1975. Mimi wapo watoto waliorudi na stori za nyumbani ambazo hawakuwahi kusimuliwa. Waonyeshe pia kwamba jina Tanzania lenyewe limeunganishwa hivyohivyo, Tanganyika na Zanzibar, 1964. Na kama una muda, twiga. Mwaka 1415 twiga wa kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme Yongle enzi za safari za baharini za nahodha wao Zheng He, wakamwita qilin, mnyama wa kwenye hadithi zao. Kidole kimoja Malindi, kingine China, waseme kwa Kiingereza alipita bahari gani.

Congo zipange vizuri pia, wao wanaandika Gangguo halafu kwenye mabano Jin au Bu, Jin ni ya Kinshasa, Bu ya Brazzaville. Mtoto akijua hilo hakosei Congo mbili, na watu wazima wengi wa kwetu wanazikosea.

Ijumaa ijayo fanya hivi. Jumatano wape kazi, wapite duka la matunda wasome vibao, wakuletee tunda moja na nchi yake. Ikikaribia mwaka mpya wao maduka yanajaa cheri za Chile, wanaziita chelizi, ukilisikiliza ni lile neno la Kiingereza limepitia Kikantoni. Kuna duriani za Thailand, ndizi za Ufilipino, kiwi za New Zealand. Hiyo kiwi nayo ni ya kwao, mbegu zilitoka Yichang, mkoa wa jirani wa Hubei, zikafika New Zealand mwaka 1904, tunda likarudi na jina jipya. Kila mtoto anasema sentensi tatu tu, This is from Chile, Chilean cherries are sweet, people in Chile speak Spanish. The Philippines utawakumbusha "the" yake, Kichina hakina hicho kineno kwa hiyo wataiacha, wakumbushe bila kuwakatisha.

Kwa vipindi viwili vya mwanzo, nchi nane. Nne za Kenya, mbili za Afrika Kusini, mbili za Ureno, na Greece iwe mojawapo kwa sababu inawadai. Ukitoka hapo niandikie majina waliyokwama nayo, kama yalivyo, na pinyin zao walizoandika, tuangalie pamoja ni kundi gani nimelikosea.